Baraka ya Siku ya Kubusiana

Siku nne kabla ya Mwaka Mpya, Bwana Scollay alimkuta Merran kwenye banda la kuni, akamwambia atue mzigo wake. Merran alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na tangu boti za mwisho zilipomleta mke mpya wa Bwana mwezi wa Septemba, hii ilikuwa mara ya kwanza baba yake kumsemesha. Moyo wake ukaruka. Uliruka bure, lakini moyo wa mtoto nani ataukataza?

"Mdogo wako ana mdomo," Bwana alisema.

"Magnus, Bwana? Amesema nini?"

Alimwita "Bwana" bila kukosea. Mwezi ule wa Septemba neno "Baba" lilimponyoka mara moja tu, pale uani, na kwa jinsi alivyotazamwa hakuhitaji kufundishwa mara ya pili.

"Anawatangazia watu wa jikoni kwamba Siku ya Kubusiana atakuja kunipigia magoti nimbariki. Mpishi kacheka mpaka kapaliwa."

Pale kwenye ngome ya Kampuni ya kununua manyoya, kando ya Mto Saskatchewan, Mwaka Mpya uliitwa Siku ya Kubusiana, kwa sababu siku hiyo kila mtu alimbusu kila mtu, awe adui au rafiki. Lakini kabla ya busu na kabla ya pipa la pombe kufunguliwa, palikuwa na baraka. Padri wa karibu alikuwa mwendo wa wiki nyingi, hivyo kila baba alikuwa padri wa nyumba yake. Familia moja moja ilisimama katikati ya ukumbi wa nyumba kubwa, watoto wakapiga magoti, mmoja wao akasema, "Baba, tubariki," na baba akainua mkono. Desturi hiyo ililetwa na wapiga makasia wa Kifaransa, lakini Waskoti nao waliipenda upesi. Nani huchukia kupigiwa magoti? Na mtoto asiyempigia mtu magoti siku ile alihesabiwa kuwa hana baba.

Mwaka uliopita Magnus, akiwa na miaka minne, alikuwa amepiga magoti mbele ya Bwana Scollay. Bwana alimbariki, akambeba mabegani, akamzungusha ukumbi mzima huku wanaume wakipiga meza kwa ngumi. Mtoto gani angesahau?

"Mke wangu hajui lolote," Bwana aliendelea, kwa sauti ileile ya kuagiza kuni. "Wala hatajua. Mtoto yule akinipigia magoti mimi, siku hiyohiyo mama yako na ninyi wote mtatoka getini."

"Mama yuko karibu kujifungua, Bwana."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia utafute namna ya kumfundisha. Apige magoti kwa Anselme, mume wa mama yako, kama inavyostahili."

Merran alitazama geti. Nje ya ukuta wa magogo baridi ilikuwa ikipasua miti. Wiki iliyopita mwendesha mbwa mmoja wa kukokota mizigo thelujini alirudishwa juu ya mzigo wake mwenyewe, amekakamaa kama gogo, ndevu zake zimeganda. Kambi ya ndugu za mama yake, Wakrii wa nyikani, ilikuwa mwendo wa siku nne kwa mtu mzima mwenye nguvu.

"Nitamfundisha, Bwana."

Bwana aliinama, akaokota mzigo wa kuni, akamwekea mikononi taratibu asimuumize. Alikuwa mtu mpole sana, Bwana Scollay. Sijamsikia mtu akisema kwamba aliwahi kupaza sauti. Mkali apigaye kelele ni afadhali, angalau unajua ameanza lini na amemaliza lini.

Piyesis, mama yao, alikuwa ameishi katika nyumba kubwa miaka kumi na miwili. Alimshonea Bwana viatu na makoti, akamfundisha lugha, akamwombea chakula kwa ndugu zake miaka ile nyati walipopotea. Kisha barua ikafika kwamba mchumba wa ng'ambo amekubali. Wakubwa wa Kampuni walikuwa na njia yao kwa mambo hayo: mwanamke wa hapa alitafutiwa mume mwingine miongoni mwa watumishi, na watoto wakamfuata kama ndama. Piyesis alipewa Anselme, mshika usukani wa boti, mtu wa miaka hamsini mwenye meno matatu mbele. Anselme naye alipewa farasi na pipa dogo la pombe kwa usumbufu.

Wenzake walimcheka hadi mbavu kuuma. "Anselme bwana, umeoa au umehamishiwa mizigo ya stoo?" Pipa lile Anselme alilimaliza kwa siku tisa.

Jioni ile Merran alimweleza mama yake habari za banda la kuni. Piyesis alikuwa ameketi karibu na moto, tumbo limemfika magotini, anashona kiatu cha mtu mwingine. Hakuinua macho.

"Mfundishe wewe," alisema. "Mimi nikianza nitalia, na nikilia hatanisikia."

Merran akaanza kesho yake asubuhi, nyuma ya banda la mbwa, ambako hakuna aliyepita.

"Magnus, baba yako nani?"

"Bwana Mkubwa."

"Hapana. Baba yako Anselme."

Magnus akacheka. "Anselme ni Anselme! Ana meno matatu!"

"Sikiliza. Ni mchezo. Ukisema Anselme, nakupa zabibu." Zabibu kavu nane alikuwa ameziiba jikoni, na mpishi angemkata vidole kama angejua.

"Anselme," Magnus akasema, akala zabibu. "Anselme. Anselme." Akala zote. Kisha akajifuta mdomo. "Siku ya Kubusiana Baba atanibeba mabegani. Na wewe atakubeba, nikimwambia."

Mchana huohuo aliyarudia hayohayo jikoni, mbele ya mpishi na mtumishi wa Bibi, mke mpya wa Bwana. Mtumishi yule hakujua Kikrii, bahati yao. Mpishi ndiye aliyekuja kumwambia Merran, huku anafuta mikono kwenye aproni. "Mdogo wako atawaua, we mtoto. Mimi nacheka, lakini atawaua."

Siku ya pili Merran hakuja na zabibu.

"Baba yako nani?"

"Bwana Mku..."

Alimpiga kofi. Halikuwa kofi kubwa. Magnus alimtazama kwa mshangao zaidi kuliko maumivu, kwani mkono ule ndio uliomlisha na kumfunika tangu azaliwe.

"Baba yako nani?"

"Nitakusemea kwa Baba!"

Akampiga la pili, na hilo lilikuwa kubwa. Akamuuliza kwa Kikrii, akamuuliza kwa Kifaransa, akamuuliza kwa Kiingereza, maana hakujua siku ile mtu atauliza kwa lugha gani. Kila jibu la kweli lilipata kofi. Magnus alilia mpaka kamasi zikamganda juu ya mdomo. Na tusidanganyane: Merran alikuwa na uchungu, ndiyo, lakini kufikia saa sita palikuwa na kitu kingine pia. Mtoto huyu alikuwa bado anadhani ana baba. Yeye Merran aliacha kudhani hivyo tangu Septemba, peke yake, bila mtu wa kumshika mkono. Kwa nini huyu abaki na kitu ambacho yeye amenyang'anywa? Akampiga kwa hilo nalo.

Anselme alitokea na ndoo ya samaki wa mbwa, akasimama.

"Unamuua mtoto, wewe."

"Namfundisha kukuita baba."

"Mimi sikuomba."

"Na sisi hatukuomba."

Anselme alitafuna maneno hayo kwa meno yake matatu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na alikuwa na haki ya kumchukua mtoto yule kumpeleka ndani akaote moto. Hakufanya lolote kati ya hayo. "Basi usimpige usoni," alisema. "Siku yenyewe kesho kutwa. Asije na alama." Akaenda kulisha mbwa.

Siku ya tatu Magnus hakuhitaji kupigwa. Merran alikuwa akifungua mdomo tu, mtoto anakunja mabega na kujibu mbio mbio, "Anselme, Anselme, Anselme," kwa lugha zote tatu. Merran akamkumbatia. Akajisifu moyoni kwamba ameiweza kazi. Mama yake atajifungulia kando ya moto.

Asubuhi ya Siku ya Kubusiana bunduki zililia getini, na watu wakamiminika kwenye nyumba kubwa wakiwa wamevaa vyao vizuri, mishipi myekundu kiunoni na nywele zimepakwa mafuta ya dubu. Bibi Euphan alisimama karibu na mume wake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu baadaye hutaniamini. Tangu afike hakuwa na mwanamke wa kuzungumza naye, na siku hiyo alicheka kwa furaha ya kweli kuona ukumbi umejaa. Alikuwa amesimuliwa habari za baraka, akasema hajawahi kusikia desturi nzuri kama hiyo, na kwamba asikose mtu hata mmoja.

Familia ya kwanza ikapita, na ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Anselme.

Anselme alisimama katikati ya ukumbi, ameshika kofia yake. Piyesis nyuma, tumbo mbele. Merran akamshika Magnus mkono. Hatua tano mbele yao alisimama Bwana Scollay, karibu kiasi kwamba Magnus angeweza kumgusa viatu.

Magnus alimtazama Bwana. Ukumbi mzima ukamtazama yeye, maana ukumbi mzima ulijua, isipokuwa mtu mmoja. Kisha akageuka, akapiga magoti mbele ya Anselme, akainamisha kichwa.

"Baba, tubariki," alisema.

Merran akapiga magoti kando yake. Anselme akainua mkono, akasema maneno yaliyopaswa kusemwa. Kutoka nyuma mtu mmoja akaropoka kwa Kifaransa, "Haya Anselme! Umeoa vuli hii, mtoto ana miaka mitano! Una kasi wewe!" Wanaume wakaangua kicheko. Bwana Scollay naye akatabasamu, na Bibi Euphan akacheka kwa kuwa wenzake wamecheka.

Imekwisha, Merran alijiambia.

Lakini Bibi alikuwa amependezwa. Alichukua kipande cha keki mezani, akaja mpaka pale walipo, akachuchumaa mbele ya Magnus ili macho yao yalingane. Magnus alielewa Kiingereza, kwa sababu ndicho baba yake alichomsemesha tangu utotoni, ingawa Bibi hakulijua hilo. Alimuuliza tu kwa kuona haya, kama watu wote wanavyowauliza watoto wasiowajua.

"Na wewe mzuri hivi, baba yako nani?"

Magnus akarusha mikono yote miwili kujifunika kichwa. Akaanguka kiubavu sakafuni, akajikunja, akapiga kelele kwa lugha hiyohiyo, "Anselme! Anselme! Usinipige! Nimesema Anselme!"

Keki ikaanguka. Bibi Euphan akabaki amechuchumaa, mkono hewani.

"Nani anakupiga?" akauliza. "Mtoto, nani anakupiga?"

Magnus alitoa kidole kimoja kutoka chini ya kiwiko, akamwonyesha dada yake.

Macho ya Bibi yakahamia kwa Merran, na hayakuwa na huruma tena. "Kwa nini unampiga mdogo wako kwa kuulizwa jina la baba yake?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake pia. Lilikuwa limesimama pale limevaa koti la bluu. Merran alilitazama. Bwana Scollay alimtazama yeye, uso umetulia, kisha macho yake yakaenda polepole kwenye tumbo la Piyesis, na kutoka hapo dirishani, kwenye theluji.

"Nilikuwa nacheza naye, Bibi," Merran akasema. "Anapenda kulia."

"Kucheza!"

"Watoto wa huku hulelewa hivyo, mpenzi wangu," Bwana alisema kwa upole. "Lakini si katika nyumba yangu. Anselme, huyo ni mwanao. Mtie adabu."

Watu arobaini walikuwa ukumbini. Arobaini walijua binti ni wa nani, nao wote wakatazama viatu vyao. Pombe ilikuwa bado haijafunguliwa, na mwenye ufunguo ni Bwana. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na watu wa ngome ile walimpisha hadi wakabanana ukutani.

Anselme alifungua mshipi wake. "Nisamehe," alisema chini kwa chini kwa Kikrii, akampiga mapigo matatu mgongoni, na hakuyafanya mepesi kwa sababu alikuwa anatazamwa. Merran hakulia. Kilio kingefungua mdomo, na mdomo ukifunguka, nani ajuaye kitakachotoka?

Kama ingeishia hapo, angeshukuru. Lakini Bibi Euphan alikuwa amempakata Magnus, na Magnus alikuwa ameuficha uso wake shingoni mwa Bibi. Bibi akasimama naye.

"Huyu harudi kule," alisema, akimgeukia mumewe. "Gilbert, siwezi. Tuna vyumba vitupu huko juu. Nitamlea mimi, afundishwe kusoma, ajifunze kazi za mezani. Niruhusu. Sijakuomba kitu tangu nije."

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu Bwana Scollay hakuwa nayo isipokuwa ile moja. "Kama mama yake ataridhia," alisema mwishowe.

Karani akaitwa kutafsiri. Piyesis, aliyeongea Kiingereza miaka kumi na miwili kitanda kimoja na Mskoti, alisimama akaisubiri tafsiri mpaka mwisho. Naye akikataa ataulizwa kwa nini. Mama gani mwenye akili amkatalie mwanawe nyumba yenye joto? Alimtazama Magnus, akanyoosha mkono kumgusa mguu. Magnus aliuvuta mguu, kwani nyuma ya mama alimwona dada.

"Mwambie ana moyo mwema," Piyesis alisema kwa Kikrii.

Bibi alilia kwa furaha. Pipa likafunguliwa, na watu wakabusiana.

Walipofika kwenye kibanda chao, Piyesis aliketi chini na kuanza kukunja vitu vya Magnus: shati, soksi mbili za manyoya ya sungura, blanketi lake dogo. Alivikunja, akavikunjua, akavikunja tena.

"Nimewaokoa, Mama," Merran akasema. "Hatutolewi. Utajifungulia hapa."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyeniambia nimfundishe."

"Nilikwambia umfundishe," mama yake akasema. "Sikukwambia umvunje." Kisha akaona vile Merran alivyoketi bila kuegemea kitu, akajua mgongo umevimba, na bado hakumwita aje karibu. Uchungu ukizidi, hata mama huwa bahili. Alifunga kile kifurushi na kamba, akamsukumia. "Mpelekee. Mimi siwezi kupanda zile ngazi."

Ilikuwa saa kumi tu, na jua la kaskazini lilikwisha kuzama. Merran alivuka ua, akapanda ngazi za nyumba aliyozaliwa, akabisha hodi kama mgeni.

Mlango ulifunguliwa na Bwana Scollay mwenyewe. Nyuma yake palikuwa patupu. Bibi alikuwa ghorofani, na sauti ya Magnus ilisikika akicheka, maji yakimwagika, anaogeshwa. Hapakuwa na karani, hapakuwa na mpishi, hapakuwa na mtu yeyote wa kudanganywa. Merran alimnyooshea kile kifurushi, na hakukiachia mara moja. Hakutaka shukrani. Alikuwa amefanya alivyoagizwa, amenyamaza, amepigwa, na sasa walikuwa wawili tu. Alitaka aitwe jina lake mara moja, hata kwa kunong'ona, kisha aende zake.

Bwana alimtazama kwa upole ule wake. Akakitoa kifurushi mikononi mwake.

"Asante, binti Anselme," alisema, akafunga mlango.

"Karibu, Bwana," Merran akauambia mlango.